Mlio wa Magunzi Matupu

Jina lake la kwenye kitambulisho tulilisahau wote, na nadhani hata yeye alilikumbuka siku za hospitali tu, likiitwa dirishani. Kwetu alikuwa Ngurumo. Jina halikutokana na ukali. Kuku wake walimdharau hadi wakawa wanatagia ndani ya kofia yake. Lilitokana na mashine ya kupukuchulia mahindi aliyokuwa akiikokota kwa trekta kuukuu, nyumba hadi nyumba, kila baada ya mavuno. Miaka ya kusimama ubavuni mwa ile mashine ilikuwa imemla masikio, kwa hiyo aliongea kama mtu anayemwita fundi aliye juu ya paa. Akikusalimia asubuhi, mliitikia wewe na majirani. Ukimnong'oneza siri, aliuliza, "Eti nani ana mimba?" kwa sauti iliyomfikia hadi mwenye mimba.

Mkewe ndiye aliyekuwa akishika mdomo wa gunia upande wa pili, kule punje zinakotokea. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, walijitungia lugha ya mikono. Kiganja kikiinuliwa wima: simama, gunia limejaa. Kidole kikizungushwa hewani: leta, endelea. Ngumi tumboni: mimi nina njaa, wewe je? Waliweza kugombana kwa mikono asubuhi nzima, mashine ikinguruma katikati yao, na wakati wa kula ukifika wakakaa benchi moja wameshapatana. Tulikuwa tukiwachungulia tukicheka.

Mkewe alifariki, na msimu uliofuata Ngurumo alikaza kulabu mbili kwa nati pale alipokuwa akisimama marehemu, akawa anatundika gunia hapo. Hakutaka kibarua. Kulabu zilifanya kazi vizuri, hazikuumwa mgongo wala hazikuomba maji. Ila gunia lilipojaa, yeye mwenyewe ndiye aliyeinua kiganja, akaliangalia gunia kidogo, halafu ndipo akazima.

Watoto wao wako mbali, makazini. Binti hupiga simu, lakini kumpigia simu Ngurumo ni kuzungumza na ukuta unaouliza, "Nani?"

Sasa, kuhusu Bodi, kwa faida ya msomaji mwenye bahati ya kutolima. Sheria ilisema mahindi yaliyopukuchuliwa yana mnunuzi mmoja tu, Bodi ya Nafaka. Ukimuuzia mwingine, magunia yanachukuliwa na wewe unalala ndani. Bodi ndiyo iliyopanga bei, ndiyo iliyopima uzito, ndiyo iliyopima unyevu, na ukiwa na malalamiko ulipeleka kwa Bodi. Mchumba ni huyo mmoja, mshenga ni yeye, na baba mkwe ni yeye. Kipima unyevu chao kilikuwa na maajabu: mahindi yaliyokauka hadi yanalia kama changarawe, yakigusa kile kifaa, yanakuwa kama yametoka kuoga. Tena ghala la kituo halikuwahi kututosha wote. Waliowahi waliuza. Waliochelewa walirudi na mzigo wao nyumbani, fukusi wakafanya sherehe.

Tulianza kampeni yetu kwa adabu. Tulituma wajumbe makao makuu waseme tunataka sheria ibadilishwe, kila mtu auze anakotaka, Bodi nayo ije sokoni kama mnunuzi mwingine yeyote. Wajumbe walirudi na ahadi, na kofia mpya za Bodi vichwani. Tukaandamana hadi getini kwa kituo. Karani wa Bodi, kijana mwenye shati lisilojua jasho, alitupungia mkono kutoka dirishani kana kwamba tumekwenda kumwimbia siku yake ya kuzaliwa.

Ndipo Nesi akashika usukani. Nesi alistaafu uuguzi lakini hakustaafu kuamrisha. Alituita kwenye ghala tupu la ule ushirika uliokufa, akatukalisha kwenye mabenchi mabovu, akasimama mbele kama mtu anayekaribia kudunga sindano.

"Bodi hainunui mahindi yakiwa kwenye gunzi," alisema. "Inanunua punje. Basi hatupukuchui. Kila mtu aache mahindi yake kihengeni, yakae hukohuko, hadi wakubwa wao waje kukaa na sisi hapa."

"Na akitokea msaliti?" akauliza Kinyozi, ambaye alilima asubuhi na kunyoa mchana na kusema watu muda wote.

"Apukuchue kihenge kizima na nini? Na meno? Kwa mkono utapukuchua ya kula, basi. Ya kuuza yanataka mashine, na mashine ni moja. Ikinguruma, tutasikia wote."

Tukageuka kumtazama Ngurumo. Jirani yake alimweleza kwa ishara na kwa kufoka, na alipoelewa alisimama.

"MIMI NIKO TAYARI!"

Njiwa wakatoka darini. Tulimpigia makofi hadi viganja vikawaka. Hakuna aliyeuliza atakula nini, maana ujira wake ulikuwa mahindi ya kila nyumba aliyopita. Na hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyeuliza atashinda na nani.

Nyumba ya Ngurumo iko chini bondeni, chumba kimoja na ukumbi. Ukutani kuna misumari ya kutundikia mikanda ya mashine, mezani spana zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini, na kwenye rafu vikombe viwili, kimoja kikiwa kimepinduliwa tangu msiba. Redio aliifungulia hadi mwisho na bado aliisikia kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Kitu kimoja tu alikisikia vizuri sana, nacho hakikuwa nje. Kilikuwa ndani ya masikio yake: mlio mwembamba, kama wa birika linalotaka kuchemka, lisilochemka na lisilozimwa. Kwa miaka yote mashine ilikuwa ikiufunika. Sasa mashine ilikuwa imelala uani chini ya turubai, na birika likawa linalia kutwa.

Alijaribu kutafuta watu. Alikwenda kunyolewa mara nyingi hadi Kinyozi akamwambia, "Mzee, nywele zimekwisha, hapa sasa nanyoa mawazo." Alitembelea nyumba alizokuwa akizipukuchulia, akakaa uani mikono mapajani. Lakini siku zile, mtu wa mashine akionekana kwako, majirani waliinua shingo. Amekuja kupanga nini? Kwa hiyo watu walimpa maji akiwa bado amesimama, wakamsindikiza hadi barabarani wakimsifu kwa sauti ili wengine wasikie, "Asante kwa kutujulia hali, mzee! Hali tu!" Mgomo ulitufanya wamoja, magazeti yangesema hivyo. Ulitufanya wamoja kasoro mmoja.

Aliyebaki ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyepakana naye kwa uzio wa nyaya. Mwanamke huyu alikuwa na kihenge kikubwa kuliko vyote vya bondeni na ulimi wa kukilinda. Mumewe alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi na inaonekana bado anaitafuta. Hata yeye aliogopa macho ya watu, basi kila jioni aliweka sahani iliyofunikwa juu ya nguzo ya uzio, akagonga waya kwa mwiko, akaondoka. Ngurumo hakusikia mwiko. Aliona waya ukitikisika. Asubuhi aliirudisha sahani palepale, imesuguliwa hadi inang'aa, na shukrani zake zikasikika kwa watu ambao hawakumpikia.

Injini isipowashwa huganda, hilo sote tunalijua. Kwa ruhusa ya Nesi, mara mojamoja mchana aliiwasha ikazunguka tupu kidogo, akazima. Hatukushtuka. Mashine tupu ina mlio mkavu, kama mabati yanayochekana. Mashine ikiwa na mzigo hunguruma kutoka tumboni, na hata mtoto wa kwetu anajua tofauti.

Jioni moja tulivu, baada ya siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa amempa hata "shikamoo" ya njiani, Ngurumo alikunja turubai, akazungusha hendeli, akasimama mahali pake. Mashine ikachekacheka bila kitu. Birika masikioni likaendelea chinichini. Pembeni kulikuwa na rundo la magunzi ya mwaka uliopita, meupe, matupu, ya kuwashia moto. Akachota konzi moja akaitupa kinywani mwa mashine.

Ikanguruma.

Birika likanyamaza. Akatupa mengine. Vumbi likapanda likiwa na harufu ya msimu, ardhi ikatetemeka chini ya viatu, gunia tupu pale kwenye kulabu likaanza kupumua kwa upepo wa feni kama kawaida yake. Akatundika koti, akakunja mikono ya shati, akafanya kazi. Alilisha magunzi hadi jua likazama, na mwisho akainua kiganja kuliambia gunia basi. Kisha akazima, akaingia ndani, na naamini usiku huo alilala.

Sisi wa juu hatukulala.

Mlio ulipanda mteremko ukatukuta tunaosha vyombo. Milango ikafunguka, watu wakatoka na vitambaa mikononi, wakasimama kila mtu uani kwake. Ulikuwa mlio wa mzigo, haukuwa na shaka. Na kwa jinsi bonde lilivyokaa, ulitokea upande wa uzio, upande wa kile kihenge kikubwa.

"Ni kwa shemeji yake," jirani yangu alisema hatimaye.

"Unaona? Wanapendana sahani kwa sahani."

"Na Bodi ina nafasi ya wachache tu, kama kila mwaka."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuharibu. Uchungu wa kusalitiwa ungeweza kupoa. Hofu ya kuchelewa ilikuwa jambo jingine.

Asubuhi Ngurumo aliamka mwepesi. Akazoa yale magunzi yaliyosagika, akayatia gunia, akalibeba begani hadi kwa shemeji kama zawadi ya kuni, maana yaliyovunjika hushika moto haraka. Shemeji alikuwa shambani. Akayamwaga mlangoni kwa jiko, rundo zuri la wazi, akarudi na gunia tupu anapiga mluzi asiousikia. Kinyozi alikuwa njiani. Aliona mtu wa mashine akitoka kwa shemeji na gunia. Aliona magunzi yaliyotoka mashineni yamemwagwa mlangoni. Tunasema anapenda umbea, lakini siku hiyo hata mlemavu wa ulimi angesema.

Kufikia mchana, nyuma ya milango iliyofungwa, tulianza kusikia kitu kingine: pu, pu, pu. Watu walikuwa wametia mahindi kwenye magunia wanayapiga kwa fimbo. Ukipita, kimya. Ukishavuka, pu, pu. Karani wa Bodi akaja na pikipiki, akasimama katikati ya barabara, akavua miwani.

"Nasikia mmeanza," alisema kwa upole. "Fanyeni haraka, jamani. Ghala lina nafasi kidogo."

Shemeji alizipata habari zake mwenyewe bombani, akiwa ameinama na ndoo.

"Mpisheni tajiri achote," alisema mmoja.

"Tajiri wa nini?"

"Hatujui. Tuulize magunzi yako."

"Magunzi yangu yapo jikoni, ya kwako nasikia yanapigwa fimbo chini ya kitanda," akajibu, akajitwika ndoo na kuondoka shingo imenyooka. Lakini njiani maji yalikuwa yakimwagikia mabegani, na yeye si mtu wa kumwaga maji.

Hakwenda kwake. Alipitiliza hadi kwa Ngurumo, akaiweka ndoo chini mbele yake. Kumgombeza kiziwi kuna taabu yake: lazima ufoke, na ukifoka bonde zima linapata. Basi alimshika mkono, akamkalisha kwenye gurudumu la trekta, akamsogelea hadi sikioni.

"Shemeji. Jana uliwasha?"

"NILIWASHA."

"Taratibu! Ulikuwa unapukuchua nini?"

Ngurumo akatazama viatu vyake. "Magunzi."

"Magunzi ya nani?"

"Matupu. Ya mwaka jana."

"Kwa nini?"

Mikono ya Ngurumo ikaanza kusema kitu hewani, kile kidole kikazunguka, halafu akakumbuka aliyekuwa akikielewa kile kidole hayupo, akaiweka mikono mapajani.

Shemeji akanyanyua ndoo, akamwinamia tena sikioni. "Kesho kuna mkutano. Wananifukuza kwenye umoja, najua. Wakinifukuza, mimi nitapukuchua kweli na nitauza kweli, kihenge chote, na wote watanifuata mbio, na mgomo utakufa mikononi mwangu. Watoto wangu wataitwa watoto wa msaliti. Wewe ndiye unayejua. Usiponisemea, ile sahani baki nayo."

Mkutano ulijaa hadi wengine wakasimama nje kwenye madirisha yasiyo na vioo. Shemeji alikaa benchi la mbele peke yake. Benchi la watu sita, yeye na mkoba wake. Nesi aligonga meza akataka mtu aanze, na kabla Kinyozi hajasafisha koo, Ngurumo alikuwa amesimama.

"NI MIMI," alisema. "NILIKUWA NAPUKUCHUA MAGUNZI."

Tukacheka. Nisiwadanganye, nilicheka pia. Mtu achome dizeli kupukuchua magunzi matupu?

"Mzee," Kinyozi alisema akifuta machozi, "ungetuambia ulikuwa unapiga pasi mawingu tungekufikiria."

"Anamkinga shemeji yake," sauti ya mama mmoja ikasema nyuma. "Marehemu ana bahati ya kutoyaona haya."

Ngurumo hakuyasikia maneno, ila aliziona sura. Alijua kicheko kinavyokaa usoni. Akaanza tena, na hapo ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu alikuwa anajaribu kuongea polepole na hakuweza. Masikio yale hayakumpa kipimo. Kila neno lilitoka likiwa limefokwa, na mambo aliyokuwa akiyasema hayakuwa mambo ya kufoka.

"NYUMBANI KUNA MLIO! MASIKIONI! HAUKOMI! MASHINE IKIWA NA MZIGO UNAKOMA! NILITAKA UKOME KIDOGO!" Akapumua. "NA NILITAKA KUSIMAMA PALE! NILIPOKUWA NASIMAMA! YEYE AKIWA UPANDE ULE!"

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mtu wa dirishani alikohoa akaondoka. Lakini Kinyozi, ambaye aliogopa kimya kuliko Ngurumo mwenyewe, alisema, "Maneno ni maneno. Mlio tuliousikia ni wa mahindi."

"Basi tusikie," Nesi akaamua. "Lete mashine. Na magunzi."

Jirani yake alimweleza kwa ishara, naye Ngurumo akaenda, akarudi na trekta, mashine ikiruka nyuma yake na kiroba cha magunzi juu. Akaiegesha mbele ya ghala. Nesi akatugeuza wote tuangalie ukutani kama watoto waliokosea, asionekane mtu akitazama kinachoingia. Alitaka masikio tu. Yeye na shemeji peke yao walibaki wakitazama. Hendeli ikazunguka. Mabati yakacheka kidogo. Kisha ikanguruma kutoka tumboni, ule ule mlio, mlio wetu wa juzi jioni, uliotutoa nje na vitambaa mikononi. Ukuta ulitetemeka mbele ya pua zetu. Nilikuwa nimesimama karibu na Kinyozi nikamwona anafumba macho.

Mashine ikazimwa. Tukageuka. Nesi alikuwa amezamisha mkono kwenye gunia hadi begani; akautoa, akakifungua kiganja mbele yetu. Makapi makavu, vipande vya gunzi, na hakuna hata punje moja.

"Mmesikia?" aliuliza.

Tulikuwa tumesikia. Yule mama wa nyuma alimkaribia shemeji, akakaa benchi lile, akajifanya anatafuta kitu mkobani mwake. Wengine wakafuata mmoja mmoja hadi benchi likalalamika. Kwa Ngurumo hakwenda mtu. Ungemwambia nini? Pole kwa kuwa na upweke? Tena ungelazimika kuifoka.

Yeye ndiye aliyeamua lililobaki. Alifungua pini, akaitenga mashine na trekta, akaisukuma kwa kifua hadi ndani ya ghala. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hatukuwa tumeelewa bado.

"IKAE HAPA!" alisema. "MPAKA TUSHINDE! MTU ASIPATE SHAKA TENA!"

Nesi akaleta kufuli, akauinua ufunguo Ngurumo auone. "Ufunguo ashike nani?"

Ngurumo alimwonyesha shemeji kwa kidole. Alimwonyesha kwa muda mrefu, mkono umenyooka, hadi kila mtu akawa ameona.

Halafu akapanda trekta. Trekta isiyo na mzigo huenda kwa kurukaruka, na kwa nyuma alionekana kama mtu anayecheka kwa mabega. Alikuwa hacheki.

Mgomo ulisimama. Waliokuwa wakipiga fimbo waliyala mahindi yao kimyakimya. Nesi, kwa tabia ya wodini, alitupangia zamu za kumtembelea Ngurumo, na tulikwenda kweli kwa siku kadhaa, tukakaa, tukafoka kuhusu mvua, tukatazama saa. Naye alitutengenezea chai kwa kile kikombe kimoja, akingoja mgeni amalize ndipo anywe yeye. Kile kingine kilibaki kimepinduliwa. Baadaye mmoja akapata safari, mwingine akapata homa, mimi nikapata sababu ambayo hata siikumbuki.

Karani alikuja mara nyingine na pikipiki, safari hii bila kuvua miwani. Kisha wakubwa wake wakaja na magari, wakakaa kwenye mabenchi mabovu, mmoja akachanika suruali, tukafurahi kupita kiasi. Kabla ya mvua mpya sheria ikabadilishwa: ukipata mnunuzi, uza. Nesi alibebwa juu juu, akatuamuru tumshushe, hatukumshusha.

Wanunuzi wakaja wiki hiyohiyo. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria katika mikutano yote ile. Walikuja na malori, na nyuma ya kila lori mashine yake ya kupukuchulia, mpya, ya rangi ya chungwa, isiyopiga hata kelele za maana. Kupukuchua ni bure, walisema, almradi unawauzia. Kihenge kilichokuwa kikimchukua Ngurumo siku nzima walikimeza wewe ukienda kuleta kiti. Bei ilikuwa nzuri, vijana wao walikuwa na utani, bonde lilijaa furaha. Mtu wa kuulizia ufunguo wa lile ghala hakuwepo.

Ngurumo alivaa nguo za kazi kila asubuhi ya msimu ule. Alikaa juu ya trekta uani kwake, injini imezimwa, akitazama vumbi la malori likipita kule juu. Ukipita alikusalimia kwa sauti ileile. Hakuuliza kitu.

Malori yalifika hadi kwa shemeji. Aliwauzia, hakuwa mjinga. Watoto walitaka viatu. Lakini upande mmoja wa kihenge chake aliwakataza kugusa. Msimu ulipokwisha na malori yakaondoka, alikwenda kwa Ngurumo mchana kweupe kupitia getini, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Lete hilo likelele lako," alimwambia sikioni. "Yamebaki machache."

Yalikuwa machache kweli. Shemeji alizifungua zile kulabu za gunia, maana alikuja na koleo, akasimama mwenyewe upande wa pili akiwa ameshika mdomo wa gunia, kitambaa puani. Mashine ikanguruma. Waliongea kwa mikono vibaya, kama wageni wa lugha. Ngurumo akiashiria hiki, shemeji akileta kile, wakikunjiana uso. Gunia la kwanza likajaa, la pili likafika nusu, na kihenge kikaisha. Mashine ikaanza kuchekacheka tupu. Ngurumo aliinama kuizima, akamtazama kwanza, akingoja kiganja.

Shemeji hakuinua kiganja. Alizungusha kidole hewani.

Ngurumo akaangalia nyuma yake. Hakukuwa na kitu isipokuwa magunzi. Akayatupa mashineni, konzi moja, kisha nyingine.

Ilikuwa jioni tulivu, na mlio ulipanda mteremko hadi juu kwetu, mlio wa mzigo, kutoka tumboni. Tuliusikia wote. Hakuna aliyetoka nje.